Sura ya Sita: Akidi na Kiapo

Somanga harusi hufuata fedha. Ufuta ukishapita mnadani, katikati ya mwaka, washenga huanza kutembea. Korosho zikilipwa mwisho wa mwaka, wanatembea tena. Wavuvi wana kalenda yao ya bamvua na maji mafu, na juu ya kalenda zote ipo Ramadhani, ambayo shughuli hukimbizwa kabla yake au husogezwa nyuma yake. Wazee wanaokaa kupanga siku watauliza mahari imefika kiasi gani, mkaja wa mama umetoka au bado, walii yupo au yuko dago la uvuvi. Hakuna anayeuliza bwana harusi ni raia wa wapi na tangu lini. Swali hilo huja miaka baadaye, mbele ya dirisha la ofisi, wakati tarehe ya akidi ilishaandikwa na haifutiki.

Sura hii inahusu tarehe mbili tu, ya ndoa na ya uraia, na ipi iliitangulia nyenzake. Mpangilio huo unaweza kumpa mke nchi au kumnyima, ukawaweka watu wawili mabara mawili kwa miaka, au ukamgeuza mtoto wa Somanga kuwa mgeni kwenye minazi ya babu yake. Naanza na sheria ya nyumbani, kwa kuwa watu wengi hudhani mambo ya uraia kwa ndoa ni ya wanaokwenda Ulaya na Marekani.

Si kweli, na pwani hii ni ya mwisho kudai hivyo. Wavuvi wa Kilwa huenda dago kusini hadi ng'ambo ya Ruvuma, na wa Cabo Delgado hupanda kuja huku. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, mkoa wa Lindi ulikuwa na makazi ya wakimbizi pale Rutamba. Uhuru wa 1975 uliwarudisha wengi kwao, si wote. Halafu ikaja gesi. Bomba kutoka kisiwa cha Songosongo linapanda nchi kavu Somanga kuelekea Dar es Salaam tangu 2004, na mwongo mmoja baadaye likapita la pili linalotoka Mtwara. Kila bomba lilikuja na mafundi wa kigeni, na fundi anayekaa mahali miezi mingi hula, huumwa, hucheka na watu, na mwisho hupenda. Barabara kuu ya Dar kwenda Lindi na Mtwara nayo inapita katikati ya mji, penye samaki wa kukaanga. Mahali penye njia nyingi namna hii hapakosi ndoa za mataifa mawili.

Sheria ya Uraia wa Tanzania ni ya 1995, Sura ya 357. Kuhusu ndoa ina kifungu kimoja kinachobeba uzito wote, cha 11. Kinasema, kwa maneno yangu, kwamba mwanamke aliyeolewa na raia wa Jamhuri ya Muungano ana haki ya kupewa uraia akiomba, wakati wowote mume wake akiwa hai. Hakuna miaka ya kukaa kwanza. Anaweza kuomba mwezi wa kwanza wa ndoa au mwaka wa ishirini.

Soma tena maneno ya mwisho: mume wake akiwa hai. Watu huyapita haraka kwa sababu "wakati wowote" imeshawatuliza. Na ndivyo wanavyoahirisha.

Tuchukue mfano wa kawaida kabisa. Kijana wa Somanga anakwenda dago, anakaa misimu miwili upande wa Msumbiji, anarudi na mke. Mke anasema Kimwani, lugha ambayo sikio la Kilwa huizoea kabla mwezi haujaisha. Anaswali na wenzake, anakwenda nao pwani kupara samaki, anazaa. Wifi zake hawakumbuki tena kwamba alitoka mahali. Serikali ya kijiji inamjua kwa jina la mtoto wake wa kwanza, na kwenye msiba yeye ndiye msimamizi wa jikoni. Karatasi hana hata moja. Kero ya kwanza huwa ndogo: laini za simu ziliposajiliwa upya kwa alama za vidole na namba ya NIDA, na zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa Januari 2020, mke kama huyu laini yake iliandikwa jina la mume. Maisha yakaendelea. Mume akisema "mama fulani, mwakani tutakwenda Kilwa Masoko tukashughulikie zile karatasi zako," hakuna anayeona mwakani ni mbali.

Bahari ikimchukua mume huyo kabla ya mwakani, kifungu cha 11 kimefungwa. Aliyekuwa na haki jana, leo ni mgeni anayetakiwa kuanza mstari wa watu wote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe ameishi humu kwa jumla ya miaka isiyopungua 7. Ataulizwa vibali vya kukaa kwa miaka hiyo yote, naye hakuwahi kuwa navyo, maana alikuwa nyumbani kwake. Watoto wake ni raia kwa baba yao. Yeye peke yake ndiye asiye na pa kushika, tena akiwa edani.

Siwezi kukiandika kifungu hiki kwa upole. Kinampa mke haki kwa mkopo wa pumzi ya mumewe, na kwenye jamii ya wavuvi huo ni mkopo wa hatari. Ila hadi Bunge litakapokibadili, ndicho kilichopo, na anayekijua mapema anaweza kukitumia. Mke wa kigeni wa mume Mtanzania asisubiri chochote: si mtoto wa kwanza, si nyumba ya bati, si mnada ujao. Na asidhani kuomba ni kupata. Waziri anayehusika na mambo ya ndani ndiye anayeamua, halazimiki kutoa sababu, na uamuzi wake hauna rufaa. Isitoshe, Tanzania haimruhusu mtu mzima kushika uraia wa nchi mbili, kwa hiyo atatakiwa kuuacha ule wa Msumbiji. Hilo linahitaji moyo, na muda wa kuzungumza na wazazi wake.

Kinachowakwamisha wengi, hata hivyo, ni cheti, wala hawajafika kwa waziri. Akidi ilisomwa dagoni, mashahidi walikuwapo, wali wa nazi uliliwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu haikusajiliwa, lakini afisa hawezi kuweka kwenye faili ndoa isiyo na karatasi. Inabidi isajiliwe, ipatikane hati inayotambuliwa na RITA, wakala wa usajili. Hapo linaibuka jambo la kuchekesha kama lisingekuwa linaumiza: mume naye hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani kwa mkunga wa jadi, jina lake liko kwenye kadi ya kliniki iliyoliwa na mchwa. Mke anamtegemea mume athibitishe uraia wake, na mume anahangaika kuuthibitisha wa kwake. Barua ya mtendaji wa kijiji, kiapo cha mzee aliyemwona akizaliwa, maombi ya cheti cha kuchelewa: yote haya yanafanyika, ila yanafanyika kirahisi zaidi wakati mzee yule bado anatembea.

Tugeuze jamvi. Mwanamke wa Somanga ameolewa na fundi wa kigeni wa bomba. Fundi amebadili dini, amelipa mahari bila kupunguziwa, anakula pweza kuliko wenyeji. Kifungu cha 11 hakimhusu, kwa sababu kinataja mwanamke aliyeolewa na raia. Mwanamume aliyeoa raia hakutajwa. Tarehe ya ndoa yake haimpunguzii hata siku moja. Ataishi kwa kibali, atahesabu ile miaka 7 ndani ya 10 na miezi 12 juu yake, aonyeshe anajua Kiswahili au Kiingereza, ana tabia njema na anakusudia kukaa daima, kisha atangaze nia yake kwenye gazeti kama mgeni yeyote. Mkataba wa kazi ukiisha mwaka wa tano, kibali kinakwenda nao, na mama mkwe anabaki akiuliza mbona mkwewe anafukuzwa kwake.

Tofauti hii ina tokeo jingine ambalo wanandoa wageni wanaoishi Tanzania hawalijui. Mume mgeni akipata uraia kwanza, mkewe siku hiyo hiyo anakuwa mke wa raia na kifungu cha 11 kinamfungukia. Mke mgeni akipata uraia kwanza, mume hapati kitu. Kwa hiyo ni familia moja, watu wale wale, miaka ile ile ya kukaa. Anayeomba mbele akiwa baba wanaingia wawili, akiwa mama anaingia mmoja.

Wakenya walimaliza mjadala huu kwenye Katiba yao ya 2010. Aliyeoana na raia kwa miaka 7 ana haki ya kuomba asajiliwe, awe mume au mke, na ndoa kuvunjika hakumpotezei mtu uraia. Miaka 7 ni mingi kwa mke wa kigeni ukilinganisha na wa kwetu anayeweza kuomba kesho yake. Lakini mizani ni moja, na mtu anajua anahesabu nini. Ng'ambo ya bahari nako palikuwa na sharti la aina yake: Mwomani aliyetaka kuoa mgeni alihitaji kibali cha serikali kwanza, hadi Aprili 2023 Sultani Haitham alipoliondoa sharti hilo kwa amri. Kwa pwani yenye ndugu Muscat na Sur hilo halikuwa dogo. Akidi iliyosomwa Kilwa kwa wali mwingi na dua ndefu ilikuwa hatarini kutotambuliwa kule kama kibali hakikuitangulia.

Sasa Marekani, ambako tarehe mbili zetu zinafanya kazi ngumu zaidi.

Vijana wengi wa mwambao huijua njia moja, bahati nasibu ya viza. Unajaza mtandaoni, unasubiri, jina linatoka au halitoki. Kinachowaponza ni hali ya ndoa siku ya kujaza. Aliyekwisha kuoa lazima amtaje mke na watoto wote, hata kama hataki kusafiri nao, hata kama wamenuniana na mke kapelekwa kwao. Asipomtaja, kisha ubalozini ikajulikana ana mke, anakosa yeye na mke anakosa. Wapo wanaojificha nyuma ya neno "mchumba" kwa kuwa sherehe haijafanyika. Kama akidi imesomwa umeoa. Sherehe ni chakula.

Aliyekuwa bado kapera siku ya kujaza na akaoa baada ya jina kutoka hajavunja sheria. Mke anaweza kuongezwa. Atarajie tu maswali makali, kwa sababu afisa ameshaona ndoa nyingi zilizozaliwa wiki mbili baada ya majibu. Hapa ushahidi wa kawaida ndio unaosema: barua ya posa ya mwaka uliotangulia, picha ya washenga, miamala ya simu ya mahari iliyolipwa kwa vipande. Watu wetu hufuta ujumbe ili simu ipate nafasi. Asifute.

Mstari wa mwisho ni siku ya kutua. Akioa kabla ya kuingia Marekani kama mkazi wa kudumu, mke ana sehemu katika bahati ile ile na anaweza kumfuata, mradi viza yake itoke kabla ya 30 Septemba, siku mwaka wa fedha wa Marekani unapofungwa. Akitua kwanza, hata kwa juma moja, akarudi kuoa, bahati nasibu haimjui huyo mke. Ataombewa kama mke wa mkazi, na hapo kuna foleni yenye ukomo wa nafasi 87,934 kwa mwaka kwa dunia nzima, wake, waume na watoto kwa pamoja. Foleni hiyo haina tabia moja. Kati ya 2019 na 2023 kulikuwa na kipindi kirefu ilikuwa wazi, watu wakapita bila kusubiri zamu. Kisha ikajifunga tena na kurudi kwenye miaka.

Mke wa raia wa Marekani hana foleni. Nafasi za kundi lake hazina ukomo. Mkazi huomba uraia baada ya miaka 5, na anaruhusiwa kuwasilisha fomu siku 90 kabla haijatimia. Ndiyo maana wazee wa maskani ya Houston na Minneapolis humwambia kijana: "Tulia mdogo wangu, kula kiapo cha uraia kwanza, halafu ndiyo uoe." Ushauri huu unasikika wa busara. Kwa maoni yangu mara nyingi ni mbaya.

Hebu tuhesabu. Anayeoa leo akiwa mkazi anaweza kuwasilisha maombi ya mke leo, mke akawekwa kwenye foleni. Siku mume anapokula kiapo, anaitaarifu idara ya uhamiaji, na maombi yale yale yanahamia kundi la wake wa raia. Hapotezi chochote, ombi limeshapitiwa, au angalau limeshazeeka mezani. Aliyesubiri kiapo ndipo aoe anaanza na karatasi tupu. Kuna zaidi. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2 siku mke anapotua, anapewa ukazi wa masharti wa miaka 2, na kabla haujaisha lazima waombe upya kuondolewa masharti, kwa ushahidi wa nyumba moja na mfuko mmoja. Ndoa iliyopita miaka 2 inampa kadi ya ukazi ya miaka 10 moja kwa moja. Kwa hiyo miaka ya kusubiri, kama akidi ilishasomwa, inafanya kazi yake kimyakimya. Anayemhimiza kijana achelewe anamnyima hiyo miaka.

Palipo na watoto, kiapo kinaweza kuleta usumbufu badala ya nafuu. Katika foleni ya mke wa mkazi, watoto hupanda ndani ya ombi la mama yao. Baba akiwa raia, kila mtoto anahitaji ombi lake na ada yake. Wapo waliosherehekea kiapo, mama akaitwa kwenye usaili, watoto hawamo. Na kama mke ana mtoto wa ndoa ya kwanza, mume mpya anaweza kumwombea kama mtoto wa kambo, ila akidi iwe imesomwa kabla mtoto hajafikisha miaka 18. Binti wa miaka 17 na nusu ni sababu ya kuacha kusubiri korosho.

Mila zetu mbili zinagongana na sheria hiyo ya kule, na sijaona watu wakiambiwa waziwazi.

Ya kwanza ni akidi kwa wakala. Kijana yuko Ohio, nauli na likizo havipatani, basi mjomba wake anakaa mbele ya walii barazani Somanga, shehe anasoma, simu imeegemezwa kwenye sahani ya halua ili bwana harusi aone. Kwa dini ndoa imefungwa. Kwa sheria ya uhamiaji ya Marekani, ndoa ambayo mmoja hakuwapo mwenyewe haihesabiki hadi wawili hao wakutane baada ya akidi na kukaa kama mume na mke. Kukutana kabla ya akidi hakusaidii. Anayetuma maombi mwezi mmoja baada ya ndoa ya simu, hajakanyaga Tanzania, anatuma ada ya bure. Arudi kwanza, mihuri ya pasipoti ionekane, ndipo aombe.

Ya pili ni talaka ya mdomo, na ndugu yake, ukewenza. Watu wetu huacha kwa neno, eda ikaisha, mke akaolewa pengine. Sheria ya Ndoa inataka ndoa ivunjwe na mahakama. Hata talaka ya Kiislamu hupitia baraza la usuluhishi na mahakama ikatoa hukumu yake. Ubalozi unataka hati hiyo. Mwanamume aliyeacha barazani mwaka juzi na kuoa mwaka huu anaonekana kwenye karatasi kama mtu mwenye wake wawili, na mke wa pili hapewi viza. Kwenye cheti chetu cha ndoa pia kuna mahali pa kuonyesha kama ndoa ni ya mke mmoja au inaruhusu wake wengi. Watu hutetemeka wakiona pameandikwa wake wengi. Maandishi hayo peke yake hayamzuii mtu mwenye mke mmoja. Kinachomzuia ni mke wa pili mwenyewe, na anaweza kuzuia hata kiapo cha mume, maana kuishi na wake wawili ni kasoro ya tabia katika sheria ya uraia ya kule. Talaka ya mahakama ndiyo itangulie akidi mpya, siyo kinyume chake. Aliyevuruga mpangilio huo hatengenezi kwa barua ya mtendaji. Mara nyingi inabidi avunje, asajili, aoe upya mke yule yule, na kwenye fomu miaka yao inaanza kuhesabiwa siku hiyo.

Na hesabu zote hizi zinaweza kufutwa na sahihi ya mtu mmoja. Mwanzoni mwa 2020 tangazo la rais wa Marekani liliwafungia Watanzania bahati nasibu. Likaondolewa Januari 2021 na rais aliyefuata. Mwishoni mwa 2025 likatoka tangazo jingine lililoiweka Tanzania kwenye vikwazo kuanzia 1 Januari 2026, viza za wahamiaji zikiwemo. Kabla ya kupanga tarehe kwa kufuata sura hii, mtu aulize hali ilivyo wiki hiyo, ubalozini kwenyewe, si kwa dalali wa fomu. Hata barabara aihesabu: 4 Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, maji yalikata barabara Somanga na magari yakalala pande zote mbili. Mwenye miadi ya ubalozi Dar asitoke Somanga kuamkia siku yenyewe.

Uingereza nitaipita haraka, kwa kuwa kule kiapo hakibadilishi sana hesabu ya mke. Mwenye ukazi wa kudumu na mwenye uraia wote wanaweza kumleta mwenza, na kizingiti kikubwa ni kipato: pauni 29,000 kwa mwaka tangu Aprili 2024, kutoka 18,600. Anayesubiri pasipoti ya Uingereza ili aoe, asubiri mshahara.

Nirudi kwa kijana wetu wa Ohio, aliyekula kiapo mchana akampigia mke jioni kumwambia foleni imeisha. Kule amekuwa raia. Marekani haikumtaka aonyeshe kwamba ameuacha uraia wa Tanzania, naye akadhani bado anao, pasipoti yake ya Tanzania ipo sandukuni. Lakini kwa sheria ya Tanzania mtu mzima anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake amepoteza wa kwetu. Kiapo kilichomfungulia mke mlango kule kilimfungia yeye wa huku, dakika ile ile.

Madhara yake huonekana polepole. Akija likizo anakuja kwa viza. Ardhi hawezi kumilikishwa, kwani Sheria ya Ardhi ya 1999 hairuhusu asiye raia kupewa ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Mikorosho aliyokuwa akituma fedha ipaliliwe haiwezi kuandikwa jina lake. Na akifikiria kurudi kuishi Somanga na mkewe ambaye hajaondoka, anajikuta kwenye nafasi ya yule fundi wa bomba: mwanamume mgeni aliyeoa Mtanzania, asiyetajwa na kifungu cha 11. Ndoa yake haimrudishii uraia. Angekuwa mwanamke, ameolewa na mwanamume wa Somanga, angeweza kuomba kama mke wa raia.

Ndiyo maana zipo nyumba zinazogawana. Mume anakula kiapo ili mke apite haraka. Mke, akishafika na kadi yake ya miaka 10, hali kiapo, ingawa mke wa raia anaruhusiwa kuomba baada ya miaka 3 tu. Anabaki Mtanzania, na kiwanja cha Somanga kinaandikwa jina lake. Mpango huu unataka ndoa yenye kuaminiana, na mama mkwe asiyeona mkwewe anajijengea, jambo ambalo ni adimu kuliko viza. Una bei yake pia: mkazi asiye raia hawezi kukaa nje ya Marekani muda mrefu bila kuhatarisha kadi, kwa hiyo ni mume, mgeni wa Somanga, ndiye anayeweza kuja kukaa na mzazi mgonjwa kwa miezi mingi, akiongeza viza, na mke mwenye nchi ndiye anayekimbilia ndege. Watoto waliozaliwa wakati mama yao ni Mtanzania hushika nchi mbili hadi utu uzima, kisha sheria yetu inawataka wachague.

Serikali imeleta Hadhi Maalumu kwa wenye asili ya Tanzania walio raia wa nchi nyingine, ili wapunguziwe ugumu wa kuingia, kukaa na kupata ardhi. Ni nafuu ya kweli kwa mwenye minazi. Haitoi kura na haiitwi uraia, na kwa mume wa Ohio swali la kuuliza kabla ya kunyanyua mkono ni kama anaweza kuishi na hadhi badala ya uraia. Ajibu swali hilo pamoja na mkewe, si peke yake ukumbini, kwa sababu yeye ndiye anayeapa lakini jina litakaloandikwa kwenye hati ya shamba ni la mke.